Taswifu, Maradhi ya Mwenye Mengi

Ndugu yetu mmoja wa pwani, afanyaye biashara Oyugis katika kaunti ya Homa Bay, alituletea darsani waraka wenye swali ambalo aghlabu ya watu huliona dogo. Asema kila usiku huandika katika daftari mambo yaliyo juu yake: kurejesha amana ya jirani, kulipa deni la mwenye ghala Kisii, kuziba paa la duka kabla ya masika, kumjibu mamake barua, kumtafutia mwanawe mwalimu, na mengine mfano wa hayo. Asubuhi hulifungua daftari, kifua kikambana, akalifunga na kushika ufagio. Hupanga upya makopo, hupangusa mizani, huhesabu magunia aliyoyahesabu jana. Jua huchwa naye amechoka, na katika daftari halikufutwa hata jambo moja. Auliza: je, yeye ni mvivu?

Sisi twaona si mvivu. Mvivu hupumzika, na huyu hapumziki. Kinachomshika ni khofu, tena khofu iliyojivika nguo za kazi ili isitambulikane. Lakini kuwa si mvivu hakumtoi katika lawama. Wanavyuoni waliyaita maradhi haya taswifu, kwa neno la Kiarabu "saufa" litajalo wakati ujao. Mtu kusema nitafanya, nitafanya. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimpigia mtu huyu mfano wa atakaye kung'oa mti: auona una nguvu, akauahirisha hadi mwakani, ilhali kila mwaka mti wazidi mizizi naye azidi udhaifu.

Mfano huu ni mzuri, ila mtu wa Ghazali alikuwa na mti mmoja, na ndugu yetu ana msitu. Hapo ndipo penye shida khasa. Daftari halipambanui. Amana ya mtu yachukua mstari mmoja, na kununua kufuli kwachukua mstari mmoja. Jicho likiyaona yote yamekaa sawa, moyo hudhani yana uzito sawa, nao hushindwa kuchagua. Basi swali la kujiuliza si "nitayamaliza vipi yote?" bali "ni nani aumiaye kwa kungoja kwangu?" Mwenye amana ameomba mali yake mara mbili. Huyo hangoji hisani ya mtu, angoja haki yake, na kila "kesho" aambiwayo ni sehemu ya dhuluma. Kufuli haina dai juu ya mtu yeyote.

Wako wenye kujikinga kwa methali, haraka haraka haina baraka. Methali hiyo yakataza pupa, haikatazi kuanza. Na wazee waliosema hayo ndio waliosema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndugu yetu na awatazame majirani zake wakulima wa Kasipul. Mvua kubwa ya Machi haingoji mtu, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hupunguza mavuno. Mkulima hasimami ukingoni akahesabu majembe yote atakayopiga. Hujipimia ngwe moja akalima hiyo.

Tusemeje juu ya mtu aliyeanza asimalize? Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa na ukadhi mkuu wa Kenya, na darsa, na vitabu, na kabla ya hapo gazeti la Al-Islah alilolianzisha mwaka 1932. Juu ya hayo yote alishika kazi ya kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1947 haijatimia. Hakuna mwenye akili atakayemwita mwenye taswifu. Kazi iliyokatizwa na mauti si kazi iliyowekwa kando. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy naye, kati ya ualimu na ukadhi, aliitoa tafsiri yake sehemu kwa sehemu, hata ikatoka nzima mwaka 1969.

Liko jambo ambalo ndugu yetu hakuliuliza, nasi twaliona ndilo gumu kuliko yote. Katika daftari lake yamo mambo aliyoyakubali kwa kuona haya tu: kumwandikia huyu barua ya serikali, kumpelekea yule mzigo Kendu Bay. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba hataweza. Kumwambia mtu "siwezi" kwauma mara moja. Kumwambia "kesho" bila nia ni uongo, na uongo huo twausema kwa tabasamu, tukaitwa watu wema.

Tulimjibu aanze na amana, kabla ya kufungua duka, na awaendee wale wawili awaambie kweli. Baada ya siku tisa alituandikia kwamba amana imefika kwa mwenyewe, na fundi yuko juu ya paa. Barua ya mamake bado. Hatukuwa na uso wa kumlaumu, kwani waraka wake wa kwanza ulikaa kwetu miezi miwili chini ya karatasi nyingine, kila mmoja wetu akisema atamjibu.