Kuzuia na Kujizuia

Kila mtu ana walinzi wawili. Mmoja husimama nje yake, na mwingine hukaa ndani yake. Mlinzi wa nje ni sheria, kufuli na jicho la mkubwa; mlinzi wa ndani ni dhamiri. Wa kwanza huchoka, husinzia, na pengine huhongwa. Wa pili husafiri na mtu popote aendapo. Katika insha hii nataka tuulizane swali moja juu ya walinzi hawa: je, ni haki mwajiri kuwafungia wafanyakazi wake baadhi ya milango ya intaneti? Usilidharau swali hili kwa kuwa bado uko shuleni. Kesho utaajiriwa, na keshokutwa yamkini utaajiri.

Siku hizi, katika miji ya Kisii na Nyamira, karani wa kaunti, mhasibu wa kiwanda cha chai, muuguzi na mwalimu wote hufanya sehemu ya kazi yao kwa intaneti. Katika ofisi, aghalabu kompyuta zote hutoka nje kwa njia moja, kama wanakijiji wachotao maji katika chemchemi moja. Penye njia hiyo huwekwa programu ya kuchuja. Mtu atakapo kufungua tovuti, ombi lake husimamishwa kwa kitambo kidogo kuliko kufumba jicho, na jina la tovuti hulinganishwa na orodha ya zilizokatazwa. Likiwamo, ombi hurudishwa, lisipokuwamo, hupita. Hiyo ndiyo kazi yote ya kufuli hili. Halijui aombaye anaomba kwa nini.

Tumtendee mwajiri haki kwanza. Njia ya intaneti ina upana wake, nayo hulipiwa. Karani mmoja akitazama sinema saa nne ya asubuhi, karani wa pili huenda akashindwa kufungua hati ya mama mzee aliyetoka Manga alfajiri ili ahudumiwe. Tena saa anazolipwa mtu si zake peke yake. Kuzitumia kwa kamari ni kula ujira wa kazi asiyoifanya. Ziko pia tovuti zinazopenyeza programu haramu katika kompyuta, zikaiba siri za wagonjwa au fedha za umma. Ofisi inayotunza mali na siri za watu ina wajibu wa kufunga milango hiyo, kama mwenye ghala alivyo na wajibu wa kuziba matundu ya panya. Kwa hiyo asemaye kwamba kila kizuizi ni dhuluma hasemi kweli.

Lakini asemaye kwamba kila kizuizi ni haki naye hasemi kweli, na ushahidi wa jambo hili ni kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huku kwetu, nikakabidhiwa chumba cha kompyuta. Kila mwanafunzi aliingia kwa jina lake. Niliandika orodha ya maneno niliyoyaona machafu, nikaiamuru programu ifunge kila tovuti ambayo jina lake lina neno mojawapo, na initunzie daftari la kila aliyejaribu. Sikushauriana na mtu, wala sikubandika tangazo. Chumba cha wakufunzi nilikiacha wazi. Juma la tatu, daftari lilinionyesha jina la msichana mmoja mara saba. Nilimhukumu moyoni kabla sijamwona.

Nilimwita, nikamkemea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha uso, akasema: "Mwalimu, mama ameonekana ana uvimbe katika titi. Nilitaka kujua kama unatibika. Kompyuta iliniambia mbele ya wenzangu kwamba natafuta uchafu."

Kisha alinieleza kwamba Jumamosi iliyopita alikwenda Keroka, akalipa katika saiba ili asome alichonyimwa chuoni. Neno la Kiingereza lenye maana ya titi lilikuwa katika orodha yangu. Nililiandika kwa mkono wangu. Siku ile nilitafuta la kusema, nikalikosa.

Kosa hili si geni duniani. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha katika huduma ya intaneti ya kampuni ya AOL, kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi zinazofuatana kama neno la matusi. Programu haikusoma, ilifananisha herufi tu. Kufuli lina nguvu lakini halina akili. Likikosea, aliyelitia ndiye aliyekosea, naye hawezi kujificha nyuma yake.

Udhaifu wa pili wa kufuli ni kwamba hufunga mlango, halifungi tamaa. Mfanyakazi aliyezuiwa katika kompyuta ana simu mfukoni. Au hujifunza njia za kichochoro zinazoficha aendako. Paka akiondoka, panya hutawala. Tena kufuli kubwa huwapata wasio na hatia pamoja na wenye hatia. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, mtandao wa Telegram ulizuiwa nchini Kenya ili kupambana na udanganyifu. Kulinda jasho la watahiniwa waaminifu ni nia njema. Lakini waliofungiwa hawakuwa wadanganyifu peke yao, bali pia watu walioutumia mtandao huo kwa biashara zao na kwa habari za jamaa zao.

Basi ni nini kimzuiacho mtu pasipo kufuli? Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wana fundisho la zamani juu ya jambo hili. Huliita chinsoni, yaani haya na heshima baina ya wazazi na watoto. Kwa desturi hiyo, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mlango waweza kuwa wazi mchana kutwa, na mvua yaweza kunyesha, lakini mzee husimama nje akaita. Hapana kufuli pale, hapana askari, wala hapana daftari la majina. Kinachomzuia ni jambo alilofunzwa tangu utotoni, akalielewa, akalifanya lake. Tena angalia: desturi hii humfunga baba mwenye mamlaka, si mtoto peke yake.

Katika desturi hiyo nilipata kipimo nilichokikosa. Kizuizi cha haki kina sifa nne: hutangazwa, kina sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu, humfunga mkubwa kama kimfungavyo mdogo, na yupo mtu wa kuombwa akifungue kinapokosea. Mataifa mengine yamefika karibu na hapo kwa njia ya mahakama. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali sheria inayozitaka maktaba zinazopata misaada fulani ya serikali zichuje intaneti, ikitilia maanani kwamba mtu mzima aweza kumwomba mkutubi aondoe kizuizi. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Bogdan Bărbulescu wa Romania, aliyefukuzwa kazi baada ya mwajiri kuyachunguza mazungumzo yake ya kompyutani. Mahakama ilisema kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo. Mojawapo ya mambo iliyoyaangalia ni kwamba hakujulishwa mapema ukubwa wa uchunguzi ule. Nasi Kenya tuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, wala hakisemi kwamba haki hiyo huachwa langoni mtu aingiapo kazini.

Nilirudi chumbani nikafuta orodha yangu, nikaandika nyingine fupi: kamari, picha za uchafu na tovuti za wezi. Niliibandika mlangoni pamoja na sababu zake na jina langu, nikaifanya iwafunge na wakufunzi, ingawa baadhi yao walinung'unika. Daftari la majina nililiacha. Kisha nilimwomba msichana yule radhi mbele ya wenzake, bila kutaja alichokuwa akikitafuta, kwa sababu aibu aliipata mbele yao. Sidai kwamba tangu siku ile hakuna aliyeutumia mtandao vibaya. Wapo waliofanya hivyo, nami niliwaita na kuzungumza nao mmoja mmoja. Lakini safari hii niliuliza kwanza, nikahukumu baadaye.

Msomaji wangu, jifunze kujizuia, maana ajizuiaye hupunguza kazi ya makufuli. Siku utakapofungiwa mlango, uliza sababu kwa adabu kabla hujatafuta dirisha. Na siku utakapokabidhiwa ufunguo, kumbuka kwamba upande wa pili wa mlango yupo mtu, na yamkini mama yake ni mgonjwa.