Usitie Dole Gumba Kabla ya Arobaini

Wajukuu zangu mlioko delta, Salale, Mbwera, Kiongoroni na Maparoni, na nyinyi mliohamia Bungu na Kibiti mjini kutafuta maisha, leo nataka tuongee jambo ambalo kwenye unyago hatukuwafundisha, kwa sababu sisi makungwi wenyewe hatukulijua. Tuliwafunza kujistiri, kuishi na mume na kunyonyesha. Hatukuwafunza la kufanya siku mtu anapokuja na karatasi, akakwambia weka dole hapa, mtoto atalelewa na wenye uwezo.

Kumpa mtu mtoto si jambo geni kwetu. Mtoto wa Mbwera anakwenda kwa shangazi yake Mafia. Wa Msala analelewa na bibi yake Ikwiriri kwa sababu shule iko karibu, mama anabaki shambani kuamia mpunga. Mtoto huyo bado ni wako. Sikukuu anarudi, jina lake ni lile lile, mirathi yako ni yake, na siku ukimtaka unapanda boti unamfuata. Aliyemlea hata akinuna, atakupa. Huo ni ulezi, na dini yetu inaujua tangu zamani. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alinyonyeshwa na Bibi Halima huko jangwani, kisha akarudishwa kwa mama yake Amina.

Kuasili ni jambo jingine kabisa, na msiba wa binti zetu unaanzia hapo: anatamkiwa kuasili, yeye anasikia ulezi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili, haki zako na wajibu wako juu ya yule mtoto vinakoma. Anakuwa mtoto wa waliomwasili kana kwamba wao ndio waliomzaa. Anaandikwa RITA kwenye daftari la watoto walioasiliwa. Huwezi kusema nitamfuata Idi. Huwezi kudai kuambiwa anasoma wapi. Sheria haikuweka siku ya kurudishwa, kwa sababu mbele yake hakuna kilichoazimwa.

Sitaki mnielewe vibaya. Kuasili kumewapa wazazi watoto waliotupwa, na nyumba zilizokuwa kimya kumezitia uhai. Tena yuko mama anayeijua hali yake, akakaa, akafikiri kwa akili timamu, akaona mtoto wake apate wazazi wengine. Mama huyo anastahili heshima, na atakayemtukana mbele yangu nitamnyamazisha. Ninayemlilia ni yule anayetia dole gumba akiwa bado anavuja damu.

Mnajua kwa nini wazee walimweka mzazi ndani siku arobaini? Mwili umechoka, usingizi hakuna, machozi yanakuja bila sababu, na kila anayeingia mlangoni ana maneno yake. Katika hali ile hatukumruhusu mama hata kuamua kuuza kuku wake, sembuse mtoto. Kumbe wenye sheria mbali huko walifika pale pale. Kenya, katika sheria yao ya watoto ya 2001, waliandika kwamba mipango ya kuasili isianzishwe kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Uingereza, kwa sheria yao ya 2002, ridhaa ya mama aliyoitoa kabla ya wiki sita kupita haina nguvu. Wiki sita ni siku 42. Hesabuni wenyewe mwone imekaribiana vipi na arobaini yetu.

Kwa hiyo la kwanza ninalowausia ni hili: anayemtaka mtoto wako kwa nia njema atasubiri utoke arobaini. Asiyeweza kusubiri, mwogope. Mwambie bibi amekataa. Nitupieni mimi lawama.

Sasa nije kwa wale ambao dole limeshatiwa, maana najua mnanisikiliza huku mmeinamisha vichwa. Mnajiuliza kama mmekwisha. Hamjakwisha, ila muda wenu unahesabika.

Kati ya kuridhia na amri ya mahakama kuna safari. Afisa ustawi wa jamii anachunguza, mtoto anakaa kwanza na wale wanaomtaka kwa malezi ya kambo, taarifa zinaandikwa, maombi yanapelekwa Mahakama Kuu, na jaji anasikiliza. Hiyo ni miezi, si siku. Na jaji hatakiwi kutoa amri mpaka ajiridhishe kwamba mzazi aliyeridhia alielewa kuwa anaachia haki zake moja kwa moja. Shikeni neno hilo, alielewa. Kama uliambiwa mtoto anakwenda kusoma tu kisha atarudi, hukuelewa, na jaji ana haki ya kulijua hilo kutoka kinywani mwako. Moyo wako ukigeuka kabla ya amri, sema, na sema mapema, kwa maandishi. Wenzetu wa Uganda wameandika waziwazi kwenye sheria yao ya watoto kwamba ridhaa yaweza kuondolewa wakati wowote kabla amri haijatamkwa. Kwetu mlango unapita kwa jaji, lakini upo.

Usije ukafanya ya kumvizia mtoto usiku na kumtia kwenye mtumbwi. Ukishatoa ridhaa, sheria hairuhusu umtoe mtoto mikononi mwa walioomba kumwasili bila idhini ya mahakama, na mahakama itaangalia lililo jema kwa mtoto, si kwa mmoja wenu. Binti anayepora mtoto wake mwenyewe anajiharibia kesi ambayo pengine angeishinda. Mjue pia kwamba jaji anaweza kuupita upinzani wako akiona unakataa bila sababu ya maana, au akipata ushahidi kwamba ulimtelekeza mtoto au ulimtesa. Ndiyo maana nasema, kama mtoto yuko makao ya watoto au kwa walezi, nenda ukamwone. Peleka hata unga wa mchele na andazi. Jina lako liandikwe kwenye kitabu cha wageni. Mama ambaye haonekani mwaka mzima, siku akija kulia mbele ya jaji, jaji atamuuliza alikuwa wapi.

Amri ikishatolewa, nawaambia ukweli kwa sababu nawapenda, kurudi nyuma ni kugumu mno. Mahakama ya Rufani ipo, lakini njia yake ni nyembamba, ina siku za kuhesabu, na mabadiliko ya moyo peke yake hayatoshi. Kama ulidanganywa au hukushirikishwa kabisa, mtafute mwanasheria siku hiyo hiyo uliyojua.

Kuna hela pia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hela ndiyo inayowaziba midomo. Sheria inataka jaji ajiridhishe kwamba hakuna malipo yaliyotolewa wala kuahidiwa kwa ajili ya mtoto. Lakini hela haiji ikiwa na jina lake. Inakuja kama nauli, kama mtaji wa kuuza kamba, kama bati za nyumba ya mama. Unaipokea kwa sababu una njaa. Kisha moyo ukigeuka unajiambia, nimeshakula hela yao, nitasema nini? Mjukuu wangu, utasema hivyo hivyo: walinipa hela, niliila, na mtoto wangu namtaka. Mtoto hauziki, kwa hiyo huna deni la mtoto. Hela ukiweza kurudisha, rudisha. Usipoweza, mweleze afisa ustawi. Aibu ya kusema hayo haizidi mchana mmoja. Na anayekutishia kwamba utafungwa ukifungua mdomo ana lake analoliogopa.

Nyinyi vijana wa kiume, msidhani haya ni ya wanawake. Sheria inazungumzia ridhaa ya wazazi, na pia inasema mzazi asiyepatikana aweza kupitwa. Ukimpa mtoto wa watu mimba Nyamisati ukakimbilia Mbagala, ukabadilisha laini ya simu, basi siku ukisikia mwanao ana baba mwingine mwenye karatasi ya Mahakama Kuu, usimlaani aliyebaki na mzigo. Nenda kliniki, jina lako liandikwe kwenye kadi. Cheti cha kuzaliwa kichukuliwe. Baba anayejulikana ni vigumu kumruka.

Na nyinyi wazazi wa binti hawa, wengi wao hawakuwa na shida ya chakula. Walikuwa na shida ya hasira zenu. Binti amepata mimba akiwa shule, baba anasema sitaki kumwona mtoto huyo hapa, na mgeni mwenye gari anageuka mkombozi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi darasani. Ile sababu kubwa ya zamani, kwamba maisha yake yameisha, haipo tena. Mkae naye, mlee mjukuu wenu, yeye amalize shule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyo binti naye ni mwana wenu.

Msidhani nazua hofu. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, Moses Mukiibi na Wilson Musalu Musene, na wakili Dorah Mirembe. Iliwatuhumu kushiriki katika mpango ambao familia za vijijini ziliambiwa watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma, kisha watoto wakaishia kuasiliwa Marekani. Miaka michache kabla, msichana mdogo aliyepelekwa huko, alipojifunza Kiingereza cha kutosha, aliwaeleza waliomchukua kwamba mama yake yupo na hakumtoa. Watu wale walikuwa waungwana. Walifuatilia, wakagundua ni kweli, na mwaka 2016 mtoto akarudi kwa mama yake. Lakini tuulizane, ni wangapi wangefanya hivyo? Na mama wa watu angefanya nini kama mtoto angekuwa mchanga asiyeweza kusema?

Sisi tunaoishi kwenye maji tuwe macho zaidi. Aprili 2024 mafuriko yalimeza mashamba ya Rufiji na Kibiti, watu wakalala kambini. Hali kama ile ndiyo inayomfanya mzazi amkabidhi mtoto kwa yeyote mwenye sahani ya wali. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, Wamarekani kumi walikamatwa wakijaribu kuvusha mpaka watoto 33 waliodaiwa ni yatima, kumbe wana wazazi hai waliowatoa wakiamini wanakwenda kusomeshwa. Wakati wa janga pokeeni mchele, pokeeni dawa. Karatasi za mtoto zisubiri maji yakauke. Na mgeni kutoka nje ya nchi anayetaka kuondoka na mtoto mwezi ujao hafuati sheria yetu, kwa kuwa mgeni anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo kabla ya kuomba kuasili.

Nataka niwakumbushe kisa cha Zaid bin Haritha. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akafika katika nyumba ya Mtume. Baba yake hakuacha kumtafuta, na alipopata habari alikwenda Makka pamoja na ndugu yake, wakiwa na fidia mkononi. Mtume hakuwafukuza, wala hakusema mmechelewa. Alimwita Zaid, akamwachia achague. Zaid akachagua kubaki. Baba aliondoka moyo umetulia, kwa sababu alisikilizwa na mwanawe alisikilizwa. Baadaye ikateremka aya katika Surat al-Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na Zaid akarudi kuitwa mwana wa Haritha. Kwenye kisa hicho naona mambo ambayo wengi wetu tunayasahau. Mzazi ana haki ya kuja kuuliza. Mtoto akishakuwa na akili zake ana haki ya kujibu, na jibu lake laweza kumuumiza mzazi. Na asili ya mtoto haifichwi, hata nyumba anayolelewa iwe bora namna gani. Mnaolea watoto wa wenzenu, muwaambie walikotoka kabla hawajaambiwa gengeni.

Kwa wewe ambaye shauri lako bado liko mahakamani na moyo umegeuka, fanya hivi. Usingoje msimu wa kuvuna. Andika barua, kama huwezi mwombe mwalimu akuandikie, useme uliridhia lini, uliambiwa nini, na sasa unataka nini. Toa nakala. Panda boti maji yakijaa, shuka Nyamisati, ufike kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pale Kibiti. Barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, na ile nakala urudi nayo. Uliza namba ya shauri na tarehe ya kusikilizwa. Omba msaidizi wa kisheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasio na uwezo hawalipi. Ukikwama, piga 116, ni namba ya masuala ya watoto na haikati salio. Siku ya kusikilizwa uwepo, hata kama nauli itakopwa, na usiende peke yako. Mama yako akikataa kukusindikiza, nitumie salamu kwa boti yoyote ya Nyamisati. Nitajifunga kanga zangu nije tukae wote kwenye benchi la mahakama mpaka uitwe.