Jeni ikinyamazishwa, dhamiri isinyamaze



Wale mnaosoma baiolojia chuoni huenda mtakutana na samaki pundamilia, kasamaki kenye mistari kutoka mito ya Asia ya Kusini. Watafiti wanampenda kwa sababu kiinitete chake hukua nje ya mwili wa mama na ni angavu kama kioo. Baada ya saa 24 hivi unauona moyo ukidunda. Ukitaka kujua jeni fulani inafanya kazi gani, unakidunga kiinitete kikiwa bado seli moja au chache, kwa molekuli iitwayo morfolino. Jeni yenyewe haiguswi. Ujumbe wake ndio unaozuiwa usitengeneze protini, kwa siku chache tu. Halafu unatazama kipi kimeharibika.

Sasa, Mkatoliki anaweza kufanya kazi hii kwa dhamiri safi? Katekisimu, namba 2417, inakubali majaribio kwa wanyama yakiwa na kiasi na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu. Wengi wetu tunaishia hapo, tunapumua. Lakini namba inayofuata inasema kumtesa au kumuua mnyama bila sababu kunapingana na hadhi ya binadamu. Hadhi ya binadamu, jamani, siyo ya samaki! Anayejishusha ni yule aliyeshika sindano.

(Na tusichanganye mambo: ruhusa hii ni ya wanyama tu. Asilimia 70 hivi ya jeni zetu zina mwenzake kwa samaki huyu, ila hadhi ya kiinitete cha mtu haitokani na hesabu ya jeni.)

Mimi nadhani neno "bila sababu" linabana kuliko tunavyodhani. Mwaka 2005 kundi la Keith Cheng, Pennsylvania, lilinyamazisha jeni iitwayo slc24a5, na viinitete vikapauka rangi kama samaki wa aina ya dhahabu. Hawakuishia hapo. Waliwadunga samaki wa dhahabu ujumbe wa jeni hiyohiyo kutoka kwa binadamu, na rangi nyeusi ikarudi. Ndipo walipoweza kusema jeni hiyo inachangia rangi ya ngozi zetu pia. Viinitete vile vilitumika, lakini vilituambia ukweli.

Kinyume chake, mwaka 2015 watafiti wengine walilinganisha samaki walionyamazishwa jeni na samaki ambao jeni ileile imeharibiwa kabisa. Kasoro nyingi zilizoripotiwa kwa morfolino hazikuonekana. Ni kweli, wakati mwingine mwili uliokosa jeni huziba pengo kwa jeni nyingine. Lakini mara nyingine ni sumu ya dozi kubwa, au molekuli imegusa jeni isiyohusika. Hapo viinitete vimekufa kwa jibu la uongo, na mgonjwa aliyetajwa kwenye ombi la fedha hakupata kitu.

Sheria ya Ulaya huanza kumlinda samaki huyu anapoweza kujilisha, yaani kama siku ya tano. Majaribio mengi ya morfolino huisha kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna askari mlangoni. Imebaki dhamiri yako na daftari lako la maabara.

Basi ukipewa mradi wa namna hii, muulize msimamizi wako kwa adabu: tutajuaje kwamba tumenyamazisha jeni hii tu? Akijibu "tutaona mbele ya safari", usishike sindano bado.