Kofia ya bibi: Nilimsitiri au nilimdhulumu?

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinisimamisha mlangoni baada ya kipindi akaniuliza swali ambalo nilidhani nimeshalizika. Tulikuwa tumesoma hadithi mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim, kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Allah (SW) naye atamsitiri duniani na akhera. Akaniuliza: "Ustadh, je, inafaa kumsitiri mtu aibu yake mpaka asiijue hata yeye mwenyewe?" Wenzake wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Nilimwambia nitamjibu, na hadi naandika makala haya sijamjibu, kwa sababu jibu langu lina kisa ambacho sijapata kukisimulia hadharani.

Kabla ya kwenda chuo kikuu nilikuwa fundi wa kumalizia kofia. Wasomaji wa Unguja na Lamu hawahitaji kuelezwa, lakini wa bara pengine wanadhani kofia ya viua hutoka mkononi mwa mtu mmoja ikiwa nzima. Sivyo. Yuko anayechora maua kwa kalamu juu ya kitambaa cheupe. Kisha yuko mwanamke anayekaa nacho uani akishamaliza kupika na kufua, anatoboa tundu moja baada ya jingine na kulizungushia uzi, siku baada ya siku. Kofia nyepesi humchukua wiki kadhaa, nzito huchukua miezi. Na anachokuwa nacho mwisho wa miezi hiyo si kofia bado. Ni vipande viwili: duara la juu na ukanda mrefu wa kuzunguka kichwa, vyote vimechafuka kwa jasho la vidole na wino wa michoro. Hapo ndipo huletwa kwa mtu kama mimi. Nilikata ziada, nikaunganisha ukanda na duara bila kuvuruga mpangilio wa maua, nikafua mpaka wino ukatoka, nikatia wanga, nikaivika kwenye kalibu ikauke ikiwa imesimama, kisha pasi. Kazi ya siku mbili juu ya kazi ya miezi mitatu ya mtu mwingine.

(Nimepata kusoma kwamba Marekani nako wapo mafundi wa namna hii. Mwanamke anaunganisha viraka vya blanketi la kufunikia kitanda kwa muda mrefu, halafu anampelekea mwenye mashine kubwa ya mkono mrefu amshonee matabaka matatu yashikane. Katika mashindano yao wameweka hata makundi maalumu ya kazi iliyopita kwenye mikono ya watu wawili, ili ijulikane nani kafanya nini. Sisi kwenye kofia hatujafika huko. Fundi wa kumalizia hatajwi na mtu.)

Mama ndiye aliyenifundisha, na alikuwa na masharti mawili. La kwanza, vipande vya watu visichanganywe. La pili, unachokiona kwenye kazi ya mtu kife hapo hapo. Sharti hili la pili lina uzito kuliko mtu anavyodhani, maana mmaliziaji huona upande wa ndani wa kila kazi. Anamjua aliyefanya haraka, aliyebana uzi, aliyeanza na matumaini akamalizia akiwa mgonjwa. Nyumba ikiwa na msiba, mishono inasema. Mama alikuwa akisema fundi mwenye mdomo ni mwizi, na mimi nilimwamini, na bado namwamini.

Basi, palikuwa na bibi mmoja mjane, mtaa wa pili kutoka kwetu, Ng'ambo. Kazi yake ilikuwa na jina. Watu walimuagizia kofia za mabwana harusi, na nyingine zilichukuliwa na jamaa kupelekwa Oman. Hakuwa na pato jingine. Mwaka 2009 nikaanza kuona kitu kwenye vipande vyake. Mwanzo viua viwili vilivyoungana. Kofia iliyofuata, safu nzima ya majani imehama mstari. Iliyofuata, ua moja lina matundu mengi kuliko wenzake. Nikajiambia bibi amechoka. Usiku nikafumua kwa sindano na kushona upya chini ya taa, nikiiga mkono wake mpaka mimi mwenyewe sikuweza kutofautisha. Asubuhi akaja, akapapasa kofia, akaniombea dua: "Mkono wako mwepesi, mwanangu. Allah akuhifadhi."

Nilifanya hivyo kwa miezi minane. Sikumwambia yeye wala mama, na sikuchukua hata senti ya ziada. Nilihesabu kuwa ni sadaka, tena sadaka ile bora ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia.

Mwaka 2010 nikaondoka kwenda chuo. Kazi za bibi zikachukuliwa na kijana mwingine, mgeni mtaani, mtu mwaminifu kwa kadiri nilivyomjua baadaye. Yeye alifanya kile hasa alicholipwa kufanya. Aliunganisha vilivyoletwa. Kofia ya kwanza ikarudishwa na mwenye kuiagiza. Ya pili ikarudishwa, na hiyo ilikuwa ya harusi. Bibi akaishika, akapapasa, akaambiwa na majirani pale ilipoharibika, na akasema neno ambalo lilikuwa kweli kabisa kwa kadiri alivyojua yeye: miaka yote hakuna kofia yangu iliyowahi kurudi, na tangu kijana huyu azishike zinarudi. Nani angemhukumu vingine? Wazee wakakaa. Bibi akaapa kuwa kazi ilitoka mkononi mwake ikiwa sawa. Kijana hakuwa na jina wala shahidi. Akaambiwa alipe, akalipa, na wateja wakamkimbia.

Shahidi wake nilikuwa mimi, na nilikuwa Dar es Salaam.

Hapa naomba niingie kidogo kwenye fiqhi, maana ndiyo kazi yangu. Suala la fundi na mali ya mteja ni kongwe. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (RA) kwamba aliwatoza mafundi thamani ya kilichoharibika mikononi mwao, akaona kuwa watu hawatatengenea bila ya hivyo, ijapokuwa wanazuoni wameijadili sanadi ya riwaya hiyo. Imam Abu Hanifa aliona mali iliyo kwa fundi ni amana, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu. Sisi watu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i tunasoma katika Minhaj ya Imam Nawawi kwamba kauli yenye nguvu ni kuwa fundi halipi ikiwa hakuzembea wala hakuvuka mpaka. Ajabu ni kwamba Rabi', mwanafunzi wa Imam Shafi'i, amesimulia kuwa Imam mwenyewe aliitakidi hivyo lakini hakuwa akiitangaza, kwa kuwahofia mafundi wabaya.

Wale wazee, naona, walikuwa na suala jingine akilini. Katika Minhaj hiyo hiyo kuna mas'ala ya mshoni aliyepewa kitambaa akakishona vazi la aina moja, kisha mwenye kitambaa akasema nilikuagiza aina nyingine. Hapo anayesadikiwa kwa kiapo ni mwenye mali, na mshoni hapati ujira, tena anafidia upungufu. Lakini ugomvi ule ni wa nani aliagiza nini. Ugomvi wa kofia ulikuwa juu ya kasoro, je, ilikuja nayo au ilipata kwa fundi? Kwa ufahamu wangu, asili ni kuwa mtu hana deni mpaka lithibiti, kwa hiyo kiapo kilikuwa haki ya kijana. Nasema hivi si kuwalaumu wazee. Wao walihukumu kwa walichokiona, na walichokiona ni sifa ya bibi isiyo na doa, sifa ambayo miezi minane ya mwisho niliishona mimi usiku.

Mama aliponipigia simu kunipa habari, alinisimulia kama habari za mtaani tu. Akaongeza kuwa binti yake bibi hatimaye amempeleka hospitali kwa ajili ya macho. Wakakuta ni sukari. Alikuwa nayo muda mrefu bila kujua, na imekula nyuma ya jicho. Daktari akamweleza kuwa matibabu yapo, ya kuzuia yaliyobaki yasipotee, lakini kilichokwisha kwenda hakitegemewi kurudi. Wakauliza: hamkuona dalili? Binti akasema hapana, mama alikuwa akishona vizuri mpaka juzi juzi.

Mishono ilikuwa imeshasema mapema, kwangu peke yangu, na mimi nikaifumua.

Sasa tulipime jambo hili bila kuoneana haya. Wapo watakaosema: ulikuwa kijana, ulikusudia kheri, na amali huendana na nia. Nami nia yangu nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia naona ndani yake vitu vitatu. Huruma ilikuwepo, siikatai. Lakini pia nilikuwa naogopa kumwambia mtu mzima kuwa kazi yake imeshuka, na woga huo nikauita adabu. Na cha tatu ndicho kinachonifedhehesha zaidi: nilikuwa naona raha. Niliona raha watu wakisifu kofia ya bibi nami nikijua siri. Hapakuwa na mtu wa kuniona, kwa hiyo nikadhani nimesalimika na riyaa, kumbe kujiona hakuhitaji mtazamaji. Allah (SW) ametuonya katika Suratul Aal-Imran (3:188) juu ya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Na katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mwenye kujipamba kwa asichopewa amefananishwa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Bibi hakuwa katika hao, kwani hakujua. Mimi ndiye niliyemvisha.

Na mama je, na sharti lake? Nimeshawahi kubishana nalo kwa muda mrefu. Sikuona kuwa mama alikosea. Aliyekosea ni mimi niliyelinyoosha neno lake mpaka likafika mahali lisipokusudiwa. Kusitiri ni kuweka pazia kati ya mtu na macho ya watu wengine. Mtu mwenyewe hayumo katika hao wengine. Mtume (SAW) amemfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake, kama ilivyo kwa Abu Daud, na hebu tazama kioo kinavyofanya. Hakiendi sokoni kusema uso wa fulani una uchafu. Lakini wewe ukisimama mbele yake hakikupaki poda ili uondoke ukidhani umesafika. Jambo hili watu wanaolea wazazi wazee wanalijua vizuri kuliko mimi. Ni mara ngapi tunamalizia sentensi ya baba anaposahau, tunalipa kimya kimya deni alilolirudia mara mbili, tunasema "hamna kitu, baba", mpaka siku ugonjwa umeshakomaa?

Haki nayo, ndugu msomaji, haina njia ya mkato. Lile vazi la kitambaa cha mtu ni mali yake, na jina lake ni mali yake pia. Kama kushona upya kulikuwa kwema, kulihitaji idhini. Laiti ningemuuliza tu.

Nilirudi Unguja Idd iliyofuata. Nilianza na kijana, nikamrudishia alichotozwa, na nikaenda naye kwa wale wazee nikasema mbele yao niliyoyafanya. Kisha nikaenda kwa bibi. Alikuwa amekaa uani pale pale, mikono mitupu. Nikamsimulia yote. Nilitarajia ama anilaani ama anisamehe, hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyamaza sana, halafu akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, zile za mwaka ule hazikuwa zangu?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, zilikuwa zako bibi, mimi nilirekebisha kidogo. Akaniuliza ni ngapi. Nikamwambia. Akazihesabu kwa vidole, akitaja nani alichukua ipi, na ile ya mjukuu wa dada yake aliyeolea nayo. Kisha akasema: "Ungeniambia. Ningekupa ukashona wewe, tukagawana. Na hospitali ningekwenda mwenyewe, kwa miguu."

Kijana alisamehe kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Bibi alifariki miaka michache baadaye, na sikumbuki kama alipata kutamka neno hilo. Alinipa, siku ile ile, ukanda wa mwisho alioufanya, ule ambao maua yake yanapanda na kushuka kama mtu anayetembea gizani. Akaniambia niunganishe kama ulivyo, nisiguse tundu hata moja.

Imo kabatini kwangu. Jumatatu nina kipindi na kidato cha tatu, nitakwenda nayo.