Kope za kubandika: pambo linalokimbia maji

KILA pambo lina masharti yake. Hina inataka utulie mpaka ikauke. Hereni inataka sikio litobolewe. Kanzu nyeupe inataka uangalie unapokaa. Kope za kubandika nazo zina sharti lake, na ni sharti ambalo Muislamu anapaswa kulitafakari kabla hajakaa kwenye kiti cha saluni: zinataka uzikinge na maji.

Makala haya yanahusu sharti hilo. Sikusudii kuwacheka dada zangu wala kuwasimanga. Kazi hiyo imeshafanywa sana, kwenye vijiwe na hata kwenye baadhi ya mimbari, na sijaona mtu aliyebandua kope kwa sababu alichekwa. Nakusudia tujiulize swali moja tu. Pambo linapodai kitu ambacho tayari tumeshamuahidi Mola wetu, ni nani anayepaswa kumpisha mwenzake?

Ninaandika kutoka Mjimwema, hapa Njombe mjini, ambako ninafundisha Maarifa ya Uislamu. Waislamu si wengi katika mji huu, lakini mitindo haina dini. Vibao vya saluni ambavyo zamani vilikuwa na picha ya mtu aliyesukwa, sasa vina picha ya jicho lenye kope ndefu. Wateja ni watumishi wa ofisini, wafanyabiashara wa parachichi na viazi, wanafunzi wa vyuo na mabibi harusi. Binti zetu wamo, na baadhi yao wameshika mas'hafu vizuri kabisa.

Jambo lenyewe

Kwa asiyejua, kope za bandia ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ukanda mmoja unaobandikwa juu ya jicho na kubanduliwa siku hiyo hiyo. Ya pili, ambayo ndiyo imeshika soko, ni ile ambayo fundi huchukua kibano na kuunganisha uzi mmoja mmoja wa bandia na ukope wa asili kwa gundi kali. Mteja hulala kitandani amefumba macho saa mbili au zaidi. Akiinuka hupewa maelekezo: usiguse maji kwa siku nzima au mbili, usipake mafuta karibu na jicho, usifikiche, usilale kifudifudi. Baada ya wiki mbili au tatu arudi kujaziwa zilizodondoka, kwa sababu ukope wa asili hudondoka wenyewe na kuondoka na ule wa bandia.

Wazo la kope za bandia si geni. Mwaka 1911 mwanamke mmoja wa Kanada, Anna Taylor, alisajili hataza yake. Hapa kwetu lilifika mpaka bungeni. Septemba 2018, Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia ukumbini, baada ya Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, kulieleza Bunge madhara yake kiafya. Nchi ikacheka, wengine wakakasirika, maisha yakaendelea na kope zikaongezeka.

Kwa nini? Kwa sababu amri ya Spika inaishia kwenye mlango wa ukumbi wa Dodoma. Haimfuati mtu nyumbani kwake. Muislamu ana mlango mwingine anaoupita mara tano kwa siku, nao ni bomba la maji. Hapo hakuna askari wa Bunge. Yuko yeye na Mola wake.

Maji na gundi

Aya ya 6 ya Suratul Maidah imeamrisha kuosha uso kabla ya swala. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wameeleza kwamba nyusi, kope na masharubu ni sehemu ya uso, na maji ni lazima yafike kwenye nywele hizo na kwenye ngozi iliyo chini yake. Imepokewa pia katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimuona mtu aliyeacha sehemu ya mguu wake kiasi cha ukucha bila kupata maji, akamuamuru arudi akautengeneze udhu wake. Kiasi cha ukucha tu!

Wako wanaojitetea kwamba fundi mzuri hagusishi gundi kwenye ngozi, anabandika kwenye ukope peke yake. Ni kweli, fundi mzuri hufanya hivyo. Lakini ukope wenyewe ndio tunaoamrishwa kuuosha, na pale gundi ilipokauka maji hayapiti. Hali ni ile ile ya rangi ya kucha, ila rangi ya kucha huondolewa kwa dakika tano, na kope hizi hukaa wiki tatu.

Hebu tupige hesabu. Dada amebandikwa, ameinuka kitandani saa nne asubuhi, na ameambiwa asiguse maji kwa saa 24. Adhuhuri itapita, Alasiri itapita, Magharibi, Isha na Alfajiri. Swala zote tano za siku! Atatayamamu? Tayamamu ni ya aliyekosa maji au ambaye maji yatamdhuru. Atapangusa juu kama anavyopangusa mwenye bandeji? Ruhusa ile ni ya aliyejeruhiwa au kuvunjika, haikuletwa kwa ajili ya urembo. Na hata saa 24 zikiisha, gundi bado ipo. Tena kuna josho la janaba na la hedhi, ambamo maji yanatakiwa yaenee mwili mzima.

Sisi wa Njombe tuna jambo jingine la kulifikiria. Mwezi Juni na Julai maji ya alfajiri hapa yanauma kama kisu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuutimiza udhu katika mazingira magumu ni miongoni mwa mambo yanayofuta makosa na kunyanyua daraja. Kuna dada wanaoamka katika baridi hiyo, wakachemsha maji au wakavumilia ya bombani, wakatia udhu huku wanatetemeka. Wameshalipa gharama yote. Je, haisikitishi kwamba taabu yote hiyo inatiwa dosari na tone la gundi?

Khitilafu iko wapi?

Uadilifu unatutaka tusizidishe. Ipo hadithi sahihi katika Bukhari na Muslim inayowalaani anayeunganisha nywele na anayetaka kuunganishiwa. Sababu moja ya hadithi hiyo ni mama aliyemuulizia bintiye, bibi harusi, ambaye nywele zake zilinyonyoka kwa maradhi. Hata huyo hakuruhusiwa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamezifananisha kope hizi na nywele zile na kuziharamisha.

Lakini wamo wanazuoni wa zamani waliopambanua. Al-Layth bin Saad aliona katazo ni la kuunganisha nywele kwa nywele, si kwa sufi wala vitambaa. Imam Nawawi ameeleza kwamba kwa mashafii, nywele za mwanadamu hazina ruhusa kabisa, ama zisizokuwa za mwanadamu na zikiwa twahara, kauli yenye nguvu ni kwamba mke anaweza kuzitumia kwa idhini ya mumewe. Kwa hiyo anayesema hapa hakuna khitilafu amezidisha.

Hata hivyo, khitilafu hiyo ni ya pambo lenyewe. Katika suala la maji, msingi ni mmoja: kinachozuia maji kufika kwenye kiungo kinachooshwa kiondolewe. Mwenye kushika kauli nyepesi kwenye nywele bado ana deni la kujibu kwenye udhu. Ndiyo maana sikuanza na laana, nimeanza na bomba.

Jicho nalo lina haki

Allah (s.w.) hakuziweka kope kwa urembo peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti uliopima wanyama 22 wanyonyeshao, wakakuta kope zao zina urefu wa takriban theluthi moja ya upana wa jicho. Kwa urefu huo, kope hupunguza upepo unaoligusa jicho, hivyo halikauki upesi na vumbi linapungua. Zikizidi sana urefu huo, huanza kuuelekeza upepo ndani ya jicho. Anayeishi Njombe na Makambako anaujua upepo na vumbi la kiangazi cha huku.

Gundi nazo ni za kemikali kali, na baadhi zimekutwa zikitoa formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Madaktari wa macho wanaeleza juu ya mzio, kuvimba kwa kingo za macho na kunyofoka kwa kope za asili. Na la ajabu ni hili: wataalamu wa kope wenyewe wanasisitiza zioshwe kila siku, kwa sababu uchafu na mafuta vikiganda kwenye mizizi huzalisha vijidudu. Lakini mwenye kope zake ameshalipia, anaogopa zitadondoka, basi anaosha uso kwa kuvizia, kama paka. Kumbe hata jicho lenyewe linalilia maji!

Anayebandika naye?

Mwanafunzi wangu wa zamani ni fundi wa saluni hapa Mjimwema. Aliniuliza: "Mwalimu, ada ya wadogo zangu inatoka kwenye kope hizi. Na wateja wangu wengi si Waislamu. Nifanyeje?"

Swali hili ni zito kuliko la mteja. Ni rahisi kumwambia mtu "acha" wakati ada ya mdogo wake haitoki mfukoni mwako. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza ni la leo leo: amana. Kila anayekuja, awe wa dini yoyote, aambiwe kabla ya gundi kufunguliwa hatari iliyopo kwa macho yake. Na akiwa Muislamu aambiwe waziwazi: "Dada, ukibandika hizi udhu wako una tatizo." Fundi anayenyamaza ili asipoteze mteja ameuza swala ya mwenzake kwa bei ya kope.

La pili ni la safari. Hadithi imemtaja anayeunganisha kabla ya anayeunganishiwa, na Suratul Maidah, aya ya 2, inakataza kusaidiana katika dhambi. Kwa hiyo ajipange kuhama: hina, usafi wa uso, kuosha na kutunza nywele, kupamba mabibi harusi kwa vinavyooshwa. Na hapa lawama haiishii kwake. Sisi wenye misikiti, vikundi vya kinamama na michango ya harusi ya mamilioni, tumemchangia nani mtaji wa halali? Jamii isiyofungua mlango wa pili haina uso wa kumlaumu aliyekwama kwenye wa kwanza.

Waume pia wajitazame. Yuko anayeshinda kwenye simu akisifia macho ya wanawake asiowajua, kisha akirudi nyumbani anashangaa mkewe ameomba hela ya saluni. Huyo ni mshirika katika gundi ile.

Nini kifanyike?

Aliyekwisha kubandika asizinyofoe kwa mkono, atang'oa na za kwake. Arudi kwa fundi ziyeyushwe gundi kwa dawa yake. Kuhusu swala alizoswali nazo, amuulize mwanachuoni aliye karibu naye, kwani kuna kauli ya kuzirudia na kauli ya kumsamehe asiyejua. Asikate tamaa, na asiache kuswali eti mpaka zidondoke. Huo utakuwa msiba juu ya msiba.

Anayetaka kupendeza, njia haijafungwa. Mtume (s.a.w.) amesifu wanja wa ithmid kwamba unasafisha macho na kuotesha kope. Aangalie tu anachonunua, maana baadhi ya wanja wa madukani umekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Rangi ya kope inayotoka kwa maji nayo ipo: hupakwa baada ya udhu na kuoshwa kabla ya udhu unaofuata.

Na walimu wenzangu wa madrasa na mashuleni, tufundishe mlango wa twahara kwa mifano ya leo. Mwanafunzi anayejua hukumu ya unga wa ngano uliogandia mkononi, lakini hajui hukumu ya gundi iliyoganda kwenye ukope, tumemfundisha nusu.

Tusisahau pia kwamba wako kinamama wanaotuosha tukifa. Maiti haiwezi kwenda saluni kuyeyushiwa gundi. Wataisugua wao, kwa upole na haya, wakihofia kumuumiza mtu ambaye hawezi tena kusema anaumia.

Uislamu haukatai uzuri. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Ila uzuri wa muumini ni ule unaoweza kusimama mbele ya maji. Pambo likikwambia "chagua kati yangu na udhu", limeshajieleza lenyewe ni la nani.

Wallahu aalam.