Dawa Iliyokataliwa



Kuna dawa inaitwa thalidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na akina mama wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na kasoro, wengine bila mikono. Wengi wakafa wangali wachanga. Mwishoni mwa 1961 ikaondolewa sokoni. Nani angeitamani tena?

Miaka michache baadaye, mjini Yerusalemu, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma aliyekosa usingizi kwa maumivu. Akampa dawa hiyo alale tu, basi. Kumbe vidonda navyo vikaanza kupona! Mwaka 1994 watafiti wa Boston wakaonyesha kwamba inazuia kuota kwa mishipa mipya ya damu, ile ambayo uvimbe wa saratani huitegemea kwa chakula. Kule Arkansas wakaijaribu kwa watu 84 wenye saratani ya uboho, ambao tiba nyingine zilishindwa. Karibu theluthi moja wakapata nafuu. Mwaka 2006 Marekani ikaiidhinisha kwa saratani hiyo.

Sasa wewe unayesema, "Mimi nimeshaharibika, kanisani naenda kufanya nini?" Paulo alilinda nguo za waliompiga mawe Stefano. Bari ile ile aliyowatesea waamini, Bwana aliichukua ikabeba Injili mpaka Roma.

Lakini tusidanganyane. Watoto wale hawakuzaliwa vile ili saratani ipate dawa. Usimwendee mtu aliyeumia ukamwambia Mungu alipanga! Ubaya ule unabaki ubaya. Na dawa yenyewe hadi leo haitolewi kiholela: mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kwanza, na hufuatiliwa muda wote. Hatari haijafutika, ila sasa iko mikononi mwa daktari.

Ulimi wako mkali ni hivyo hivyo. Unaweza kumtetea mnyonge, au kummaliza mtu kwenye grupu la WhatsApp. Padre akikuondolea dhambi, yule uliyemchafua jina bado yupo na jina lake bado limechafuka. Kwa hiyo kabla ya foleni ya kitubio Jumamosi hii, kama unayo namba yake, mpigie.