Baada ya Barua ya Ajira

Nchini Kenya, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tanzania nayo, kwa sheria ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.

Kuajiri ni mwanzo tu.

Mazungumzo ya ofisi yakihamia lugha ya wachache, wengine hubaki watazamaji. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika ghorofani kwa ngazi. Kikao kikipangwa saa ya futari, aliyefunga hulazimika kuchagua.

Meneja unayesikiliza, kabla ya kikao cha leo, muulize asiyezungumza kamwe kinachomzuia.